Pembe ya Shingo: Mafundi wa Gitaa na Mahali Wanapoliweka Kosa

Shingo ya gitaa ikikosea nusu digrii pale inapoungana na tumbo, kosa haliishii pale. Chukua gitaa la nyuzi za nailoni lenye urefu wa kawaida wa uzi, milimita 650. Shingo inaungana na tumbo kwenye freti ya 12, na kutoka hapo hadi darajani kuna milimita 325. Nusu digrii ikifika darajani imekwisha kuwa milimita 2.8. Juu ya freti ya 12 tofauti ni nusu ya hiyo, milimita 1.4. Asiyepiga gitaa ataona hicho ni kitu kidogo, lakini juu ya freti hiyo uzi hukaa kwa milimita tatu au nne tu. Milimita moja na ushei inatosha kulifanya gitaa zuri liwe adhabu kwa vidole kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Mkono uliozoea randa huhisi unene wa ubao kwa usahihi wa kushangaza. Hauwezi, hata hivyo, kuhisi nusu digrii kwenye kitu ambacho bado hakijafungwa nyuzi. Ndiyo maana mafundi wa ala zenye shingo, karibu kila mahali, wamejitengenezea kalibu, au jigi kama wasemavyo waliopita vyuo vya ufundi: kifaa kinachoishika mbao mahali pake na kuuongoza mkato usitoke njiani. Watu huzilinganisha kalibu hizi kwa usahihi, kana kwamba historia ni mbio za kuelekea kwenye mashine. Mimi naona swali lingine lina uzito zaidi. Hakuna mapokeo yaliyofaulu kulifuta kosa. Kila moja lilichagua mahali kosa litakapowekwa na nani atakayelilipia, na uchaguzi huo unaonekana waziwazi ukiitazama kalibu yenyewe.

Nianze Hispania, kwa sababu kalibu ya huko ni ya kimaskini kuliko zote na, kwa maoni yangu, ndiyo yenye akili kuliko zote. Antonio de Torres alizaliwa mwaka 1817 La Cañada, pembezoni mwa Almería, akajifunza useremala, akajijengea jina Sevilla, akarudi kwao na kufa huko mwaka 1892. Gitaa la klasiki tunalolijua leo, kwa umbo na vipimo vyake, limefuata lile alilolitengeneza yeye. Mafundi wa mkondo huo hujenga juu ya solera: ubao mnene uliokatwa kwa umbo la gitaa, mpana kidogo kuliko gitaa lenyewe, wenye mkono mrefu wa kulazia shingo. Katikati ya ubao huo fundi hukwangua bonde la kina cha milimita mbili hivi, ili uso wa gitaa ukilazwa humo na kubanwa upate kuvimba kidogo. Basi. Hakuna skrubu wala chuma cha lazima.

Akili iko kwenye mpangilio wa kazi. Gitaa hujengwa likiwa limelala kifudifudi. Uso hutangulia, kisha huja shingo, ambayo kisigino chake kimeshachongwa pamoja na guu linaloingia ndani ya tumbo. Kila upande wa kisigino una mfereji mwembamba, na mbao za ubavuni, zilizokunjwa kwa moto, huchomekwa humo. Vipande vidogo vya mbao hugandishwa kimoja baada ya kingine kuushika ubavu kwenye uso. Mgongo hufunika mwisho. Kwa maneno mengine, fundi wa Kihispania haungi shingo kwenye tumbo. Analijenga tumbo kuizunguka shingo. Na pembe? Imo kwenye mkono wa solera. Wengi huuranda mkono huo uteremke milimita moja au mbili kuelekea kichwani, ili gitaa likigeuzwa shingo ionekane imekuja mbele kidogo. Fundi aliamua pembe siku alipotengeneza solera, pengine miaka ishirini iliyopita, na tangu siku hiyo hana haja ya kuifikiria tena.

Rafiki wa Torres, padri Juan Martínez Sirvent, alisimulia baadaye kwamba fundi huyo alikana kuwa na siri ya kuwarithisha watu: siri yake ilikuwa kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, anapoupima uso. Wapenzi wa gitaa hukirudia kisa hiki kama ushahidi kwamba ufundi wa kweli hauhitaji kalibu. Nakisoma kinyume kabisa. Vidole vya Torres vilikuwa huru kuusikiliza uso kwa sababu solera ilikuwa imeshaibeba kazi ya pembe. Fundi anayehangaika kunyoosha shingo hana nafasi ya kusikiliza chochote.

Kosa dogo linalobaki, maana halikosi kubaki, Mhispania hulipeleka kwenye ubao wa vidole. Huubandika ukiwa mnene, kisha huuranda uwe mwembamba upande mmoja kuliko mwingine hadi mstari wa nyuzi ukae sawa. Na kama bado, hupunguza kijiti cha mfupa kilicho darajani. Anayelipa ni yeye mwenyewe, kabla gitaa halijauzwa. Huo ni uungwana. Lakini una gharama: miaka hamsini ikipita na shingo ikavutwa na nyuzi, hakuna pa kuifungulia. Kuitoa ni kulivunja gitaa. Fundi wa ukarabati atabaki kuukwangua ubao wa vidole ambao mwenzake aliukwangua zamani.

Mafundi wa violini wa Cremona, Italia, walikuwa na kalibu nzuri kuliko hiyo kwa tumbo, na karibu hawakuwa na kalibu kwa pembe. Maumbo ya mbao ya Antonio Stradivari, yaliyoandikwa herufi kwa mkono wake, yamo leo katika Museo del Violino mjini humo. Ni ya kukaa ndani: mbavu za violini hukunjwa kuyazunguka, kisha umbo hutolewa. Shingo ilipigiliwa kwa misumari ya chuma kupitia kipande cha mbao cha juu, kutoka ndani, kabla sanduku halijafungwa, ikakaa karibu sambamba na uso. Mwinamo ulitokana na ubao wa vidole uliochongwa kama kabari. Karne ya 19 ilipotaka shingo ndefu zaidi na iliyolala nyuma zaidi, mafundi walizifungua violini hizo karibu zote, wakaunga kichwa cha asili kwenye shingo mpya. Anayesikiliza Stradivari ukumbini leo, kwa kawaida anasikiliza tumbo la Stradivari lenye shingo ya mtu mwingine. Hilo ni onyo kwa fundi yeyote anayedhani kiungo chake kitaheshimiwa milele.

Mjini Vienna walilitazama jambo hili kwa ujasiri ambao bado unanishangaza. Johann Georg Stauffer, pamoja na Johann Ertl, walipewa hati ya kifalme mwaka 1822 kwa maboresho ya gitaa, na magitaa ya Stauffer yakajulikana kwa shingo isiyogandishwa kabisa: skrubu moja kisiginoni, inayozungushwa kwa ufunguo kama ule wa kutia saa majira, iliinua au kuteremsha pembe. Stauffer hakulificha kosa wala hakujifanya amelishinda. Alimkabidhi mpigaji ufunguo.

Kijana mmoja aliyefanya kazi kwa Stauffer alikuwa Christian Frederick Martin, mzaliwa wa Markneukirchen, Saksonia, mwaka 1796. Kwao kulikuwa na ugomvi: chama cha watengenezaji violini kilitaka maseremala wa samani wakatazwe kutengeneza magitaa. Martin alihama, akafika New York mwaka 1833, na kabla ya muongo kuisha alikuwa Nazareth, Pennsylvania, ambako kampuni yake ipo hadi leo. Magitaa yake ya mwanzo yalikuwa na skrubu ya Vienna. Baadaye aliiacha, akashika kiungo cha mkia wa njiwa: ulimi wa shingo uliochongwa mpana ndani na mwembamba nje, unaozama kwenye tundu la umbo hilohilo.

Hapa kalibu hufanya nusu ya kazi tu. Inakata ulimi na tundu kwa ukaribu. Kilichobaki ni cha patasi. Fundi hupaka chaki, huisukuma shingo ndani, huitoa, hutazama chaki iliposuguka, hukwangua hapo, hurudia. Kwenye kisigino chenye kina cha milimita 90, kuondoa milimita 0.8 upande wa chini kunairudisha shingo nyuma kwa nusu digrii. Ndiyo ile nusu digrii tuliyoanza nayo. Nayapenda mapokeo haya kwa sababu yanajua kwamba mbao itahama. Nyuzi za chuma hulivuta gitaa kwa uzito wa kilo 70 na zaidi, na kadiri miaka inavyopita tumbo hujikunja, pembe ikaharibika. Basi fundi wa kizazi kingine atang'oa freti ya 15, atoboe tundu dogo hadi kwenye uwazi ulio chini yake, aingize mvuke, gundi ilainike, shingo itoke nzima. Kosa la mwaka huu linahifadhiwa kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Sharti ni moja tu, kwamba mtu huyo awepo na ajue kazi.

Watu wengi huchanganya jambo hili na nondo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, ile ambayo Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson aliipatia hataza mwaka 1923. Nondo hunyoosha mpindo wa shingo. Haigusi pembe. Anayekaza nondo ili kuteremsha nyuzi za gitaa lililokosewa pembe anaiharibu shingo nzuri kwa ajili ya kiungo kibaya.

Leo Fender hakuwa seremala. Alikuwa fundi wa redio wa Fullerton, California, na nadhani hilo lilimsaidia kuuliza kile ambacho seremala asingethubutu: kwa nini kuwe na pembe? Gitaa lake la umeme la mwaka 1950, ambalo mwaka uliofuata liliitwa Telecaster, lina tumbo la ubao mtupu na shingo inayolala sambamba nalo, ndani ya tundu la kina kimoja. Skrubu nne zinaishika. Shingo ilikatwa kwenye kipande kimoja cha mapeli, mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, na hata kichwa hakikuinamishwa. Kilishushwa ngazi moja tu, sambamba na shingo.

Uamuzi huo unaokoa mbao kuliko inavyoonekana. Kichwa kilichoinama digrii 15, chenye urefu wa milimita 190, hushuka karibu milimita 50. Kukichonga pamoja na shingo kwenye kipande kimoja kunahitaji gogo la unene wa milimita 65 hadi 70, na nyingi yake itageuka vumbi. Zaidi ya hapo, nyuzi za mbao zinakatika pale shingo inapopinda, na ndiyo sababu Gibson zenye kichwa kilichoinama digrii 17 zinajulikana kwa kuvunjika nyuma ya kijiti cha juu zikianguka. Shingo ya Fender inatoka kwenye ubao wa inchi moja.

Kalibu ya kiwanda kama hicho ni kiolezo kigumu kilichobanwa chini ya ubao, kikisugua kwenye pini iliyosimama wima chini ya kisu kinachozunguka. Kiolezo kinapopita, kisu kinakata umbo lilelile juu. Mfanyakazi hahitaji kujua gitaa ni nini. Anahitaji kutoiachia pini. Shingo yoyote inaingia kwenye tumbo lolote. Kosa limehamishiwa kwenye daraja, ambako kila kijiti kina skrubu ya kupanda na kushuka, na likizidi, mtu anafungua skrubu nne na kuchomeka kipande cha kadibodi. Mwaka 1971 kampuni iliongeza skrubu ndogo ya kuinamishia shingo bila kuifungua. Hiyo ni skrubu ya Stauffer, imerudi baada ya karne moja na nusu. Mwaka 1999 Bob Taylor, pia wa California, aliingiza kwenye magitaa yasiyo ya umeme shingo ya bolti inayokaa juu ya vipande vyembamba vilivyokatwa kwa mashine ya kompyuta, kila kimoja na kipimo chake. Ukitaka kubadilisha pembe unabadilisha kipande. Nalitaja kwa heshima, ingawa kimawazo sioni hatua kubwa kupita ile ya ufunguo wa saa.

Pwani ya Bahari ya Hindi imekuwa na jibu tofauti kwa karne nyingi. Kanbusi ya Yemen, gabusi ya Komoro na kibangala cha pwani yetu ni ndugu: tumbo na shingo huchongwa kwenye gogo moja, na tumbo huwambwa ngozi. Hakuna kiungo, kwa hiyo hakuna pembe ya kukosea baadaye. Kilichokosewa kilikosewa na shoka. Udi, ulio moyo wa taarabu, unajengwa kwa vibao vyembamba vilivyokunjwa juu ya kalibu ya tumbo, na shingo yake huungwa. Lakini udi hauna freti. Kidole cha mpigaji hutafuta sauti kila mara upya, kwa hiyo kosa dogo la shingo humezwa na sikio la anayepiga. Sitari ya Kihindi imesimama katikati: ina freti, ila zimefungwa kwa uzi na husogezwa.

Gitaa lilichagua freti za chuma zilizopigiliwa, na hapo ndipo kalibu ya pili ilipozaliwa, ile ya kukatia mifereji yake. Vincenzo Galilei, baba wa yule mwanafalaki maarufu, alipendekeza mwaka 1581 kugawa kwa 18: kila freti ikae sehemu moja ya kumi na nane ya urefu uliobaki. Ni rahisi kwa mwenye bikari, na wengi waliifuata. Lakini fanya hesabu hadi mwisho kwenye uzi wa milimita 650, na freti ya 12, inayotakiwa kuwa katikati kabisa, inaangukia 322.6 badala ya 325. Kigawanyo sahihi ni 17.817. Leo fundi hutoboa au kuchonga vipimo hivyo mara moja kwenye kiolezo cha chuma au plastiki ngumu, akaweka kijipini ndani ya sanduku la kuongozea msumeno. Ubao wa vidole hubandikwa kwenye kiolezo, husogezwa tundu kwa tundu, na msumeno hukata mfereji wa milimita 0.6 bila rula kuguswa tena. Katika kalibu zote nilizozitaja, hii ndiyo isiyovumilia kosa hata kidogo, kwa sababu hakuna skrubu wala kabari inayoweza kuhamisha freti. Kosa likiwekwa, limewekwa.

Gitaa lilifika kwetu likiwa tayari. Jean-Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952, alibadilisha namna Afrika inavyopiga gitaa. Vidole vyake vilizaa mapokeo. Lakini kalibu hazikuja na meli iliyoleta ala. Waliotaka kutengeneza wenyewe walilazimika kuanzia kwenye kitu kilichokamilika na kurudi nyuma, kama alivyofanya Kinshasa Misoko Nzalayala, maarufu kwa jina la Socklo, aliyejijengea sifa kwa magitaa ya umeme ya vifaa vinavyopatikana mjini. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosifiwa, kwa sababu ukiliiga gitaa unaiga matokeo. Kalibu iliyoyaleta huioni.

Mbao si tatizo letu. Mkangazi unafaa shingo, na mpingo wa kusini mwa Tanzania, mzito kiasi cha kuzama majini, ni ubao wa vidole ambao mafundi wa Ulaya huutafuta. Kinachokosekana ni kukubaliana kosa likae wapi. Kwa fundi wa Tanga au Mombasa ningeshauri achanganye. Atengeneze solera ya Kihispania kwa tumbo, maana inahitaji randa na subira tu, na aitengeneze kwa plaiwudi iliyopakwa vanishi pande zote, kwa sababu ile mbao ya unga ulioshindiliwa huvimba kwenye hewa ya pwani, na pembe huvimba nayo. Kichwa akiunge kwa kukata mshazari: ubao wa milimita 20 ukikatwa kwa digrii 15 hutoa uso wa gundi wenye urefu wa milimita 77, ambao ni kiungo imara, na hakuna gogo linalopotea. Kalibu yake ni kabari mbili pacha zilizobanwa kwenye kipande cha msingi. Vipande vyote viwili vya shingo hulazwa juu yake, kimoja nyuma ya kingine, vikarandwa kwa pamoja hadi nyuso ziwe bapa moja. Hata kama pembe ya kabari ni 14.6 badala ya 15, vipande vitakutana, kwa sababu vimekosea pamoja.

Shingo na tumbo, kwa upande wake, aviunge kwa bolti. Hili najua litawaudhi wapenzi wa Torres, na ninampenda Torres. Lakini gitaa la hapa hufungwa nyuzi za chuma hata lisipojengwa kwa ajili yake, hukaa kwenye joto la Machi na unyevu wa masika, na mwenye kulikarabati ana bisibisi na spana, hana jiko la mvuke. Kabari ya kurekebishia pembe ikatwe kwenye mbao, ifunike urefu wote wa kisigino, unene wake ukianza sifuri upande mmoja na kufika milimita 0.8 upande mwingine. Kipande cha kadibodi upande mmoja huacha uwazi ambamo shingo hupinda polepole. Kabari za namna hiyo zitatoka kwenye ubao mwembamba mmoja, zikirandwa juu ya kalibu ya mteremko mdogo. Fundi akate kadhaa siku hiyohiyo, na mbili aziache ndani ya gitaa, zimebandikwa kwa gundi kidogo kando ya kisigino, ambako atakayelifungua baadaye ataziona.